Nakili kwanza, kufuta baadaye: kutoa sauti kwenye rekoda na kuiweka kwenye kompyuta

Kila nikimfundisha mtu kurekodi mahojiano, swali linalokuja baadaye ni lilelile: nikishamaliza, naitoaje hii sauti humu ndani? Mtu amekaa na bibi yake saa nzima, mazungumzo yamekwenda vizuri, halafu ameshika rekoda kama aliyebeba yai, anaogopa hata kubonyeza kitufe. Namwelewa. Sauti ya mtu ikipotea huwezi kumwambia aliyezungumza aseme tena vilevile.

La kwanza la kulielewa ni kwamba rekoda ya kidijitali imeshakutengenezea faili. Kazi iliyobaki ni kunakili faili, kama unavyonakili picha au barua. Nasisitiza hili kwa sababu bado wako wanaochukua waya, wakachomeka upande mmoja kwenye tundu la hedifoni la rekoda na upande wa pili kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, wakaicheza sauti yote huku kompyuta ikirekodi upya. Saa mbili za mazungumzo huwagharimu saa mbili za kusubiri, na wanachopata ni kibaya kuliko walichokuwa nacho: tundu la maikrofoni limeundwa kwa mawimbi dhaifu, kwa hiyo sauti ya hedifoni huingia kwa nguvu kupita kiasi na kukwaruza, na kwenye laptopu nyingi stereo (sauti ya njia mbili, kushoto na kulia) hugeuka mono (njia moja tu). Njia hiyo waachie wenye rekoda za zamani zisizo na USB wala kadi ya kumbukumbu ya kutoa. Wao watafute kompyuta au kifaa chenye tundu la laini (line in, linalopokea sauti yenye nguvu kuliko ya maikrofoni), wapunguze sauti ya rekoda hadi sehemu zenye kelele zaidi zifike karibu na −12 dB kwenye kipimo cha programu, na wazime marekebisho yote ya sauti yanayojiendesha yenyewe.

Kwa wengine wote kuna njia mbili, waya wa USB au kadi. Mimi hutumia kadi. Rekoda ikiishiwa betri katikati ya kunakili unaanza upya, na USB ya rekoda nyingi ni ya mwendo wa pole. Sauti ya stereo ya biti 24 kwa 48 kHz (hivi ni vipimo vya ubora unavyochagua kwenye rekoda) hula takriban gigabaiti moja kwa saa. Rekoda inayotoa megabaiti 5 kwa sekunde itakuchukua kama dakika kumi kwa mazungumzo ya saa tatu, wakati kisoma kadi kizuri huimaliza kazi hiyo haraka zaidi. Kabla hujaichomeka kadi ya SD, sukuma kile kiswichi kidogo cha pembeni upande wa kufunga. Visoma kadi vingi hukitii, na kompyuta haitaweza kuandika chochote juu ya kadi yako. Windows ikikuuliza kama unataka kuiformati kadi, yaani kuifuta na kuipanga upya, jibu ni hapana, hata kama imeuliza mara tatu.

Ukitumia waya na kompyuta isione kitu, usikimbilie kudhani rekoda imekufa. Waya kamili wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani, mbili za umeme na mbili za data, na waya zinazouzwa kwa ajili ya kuchaji tu huwa hazina zile za data. Rekoda inawaka, inachaji, kompyuta iko kimya. Badilisha waya kwanza. Kisha tazama kioo cha rekoda: nyingi hukuuliza kama unataka itumike kama hifadhi au kama kifaa cha sauti. Ukichagua la pili, kompyuta inaiona kama maikrofoni na mafaili huyaoni.

Jambo jingine linalowatisha watu ni rekodi ndefu kukatwa vipande. Kadi iliyopangwa kwa FAT32, mtindo mmoja wa kupanga mafaili kwenye kadi, haiwezi kubeba faili la kufika gigabaiti 4, na rekoda nyingi hukata mapema zaidi, kwenye gigabaiti 2. Kwa kipimo nilichotaja, hiyo ni kila baada ya saa mbili na dakika chache. Hakuna kilichopotea. Chukua vipande vyote, uviunge kwenye programu ya kuhariri.

Kuna dada aliniletea kadi akiwa karibu kulia. Betri ilikatika akiwa bado anarekodi. Faili lilikuwepo, lina megabaiti 635, lakini kila programu ilisema ni sekunde sifuri. Faili la WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa, huwa na maelezo mafupi mwanzoni yanayotaja urefu wa sauti, na rekoda huyakamilisha unapobonyeza kusimamisha. Yeye hakupata nafasi ya kubonyeza. Nilinakili kadi nzima kwanza, kisha nikaifungua nakala kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kama data ghafi, yaani bila kutegemea yale maelezo ya mwanzoni. Hapo programu inakutaka uieleze sauti wewe mwenyewe. Nilipojaribu biti 24 ulikuja mngurumo mtupu. Nikafanya hesabu: stereo ya biti 16 kwa 44.1 kHz hula baiti 176,400 kwa sekunde, yaani megabaiti 635 kwa saa, na alikuwa amesema walizungumza kama saa moja. Nikaweka vipimo hivyo, nikabonyeza kucheza, akamsikia mama yake akikohoa kidogo kabla ya kuanza kusema. Kama angerekodi kitu kingine juu ya kadi ile, huenda tusingempata.

Ukishanakili, linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wa kila moja, halafu sikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Mafaili yakiwa mengi natumia SHA-256, hesabu inayolipa kila faili alama yake kama ya kidole, kulinganisha asili na nakala. Kila siku ya kurekodi ipe folda yake yenye tarehe uliyoiandika wewe, kwa sababu saa ya rekoda inaweza kurudi nyuma betri ikitolewa, na rekoda nyingi huanza tena kuyapa mafaili namba kutoka 0001 kadi ikiformatiwa. Ukiyatupa yote kwenye folda moja, 0001 ya leo inaweza kuifuta 0001 ya wiki iliyopita.

WAV ya asili usiiguse. Ya kumtumia mtu kwenye simu itengenezee MP3, faili dogo lililobanwa, pembeni. Ukibanwa na nafasi tumia FLAC, aina nyingine ya faili la sauti, ambayo mara nyingi hupunguza ukubwa hadi karibu nusu bila kupoteza hata chembe. Weka nakala mbili kwenye vifaa viwili tofauti. Hapo ndipo kadi inarudi kwenye rekoda, unafungua kile kiswichi, na kuiformati kwa menyu ya rekoda yenyewe.