Latensi: kwa nini sauti huchelewa mnapopiga muziki pamoja kwenye kompyuta tofauti

Latensi ni muda unaopita tangu sauti iingie upande mmoja hadi isikike upande wa pili. Hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde. Mpiga gita akigusa uzi na mwenzake aliye mbali akausikia milisekunde 30 baadaye, hiyo 30 ndiyo latensi yao ya njia moja.

Ucheleweshaji huu upo hata pasipo kompyuta. Hewani sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila mita hula karibu milisekunde 3. Wanamuziki waliosimama umbali wa mita 8 jukwaani wanasikiana kwa kuchelewa milisekunde 23, na bado wanakwenda pamoja. Ikivuka 25 au 30, kila mmoja huanza kumsubiri mwenzake bila kujua, na wimbo unapungua mwendo kadiri unavyoendelea.

Wengi huulaumu mtandao peke yake. Ndani ya kebo ya nyuzi za kioo, mwanga hukata kilomita 1,000 kwa milisekunde 5 tu. Ruta za njiani huongeza zake, lakini mara nyingi sehemu kubwa ya ucheleweshaji imo ndani ya kompyuta zenyewe, na hapo ndipo tofauti za mifumo endeshi zinapoanza kuuma.

Kadi ya sauti, kifaa kinachogeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti, haikabidhi sampuli (yaani kipimo kimoja cha sauti) moja moja. Huzikusanya mpaka kibaba kijae, ndipo programu ipewe. Kibaba hicho ndicho bafa. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 2.7, ya 256 ni 5.3, na ya 512 ni 10.7. Utailipa mara mbili: wakati wa kuingiza sauti na wakati wa kuitoa. Ukiipunguza mno, kichakataji hushindwa kujaza kibaba kwa wakati na unasikia mikwaruzo. Anza na 256, shuka hadi 128, na ujaribu 64 pale tu ambapo kompyuta imekaa dakika kumi bila mkwaruzo hata mmoja.

Kwenye macOS kazi hii hufanywa na Core Audio, sehemu ya mfumo inayosimamia sauti, na kwa kawaida bafa ndogo hufanya kazi bila kusakinisha chochote. Tatizo lake ni jingine. Tangu toleo la 10.14, programu isiyopewa ruhusa ya maikrofoni haioneshi kosa, inapokea ukimya. Mtu akiunganishwa, akawasikia wenzake lakini wao hawamsikii, fungua mipangilio ya faragha kabla ya kugusa kebo yoyote.

Windows ina njia kadhaa za sauti, na njia ya kawaida, ambayo programu nyingi hutumia kwa pamoja, huchanganya sauti zote kwanza kwa vipande vya takriban milisekunde 10. Hilo halina neno kwa mtu anayetazama video, ila kwa wanaopiga pamoja ni mzigo. Dawa yake ni draiva (programu inayoendesha kadi) ya ASIO, njia inayoukwepa mchanganyo huo, iliyotengenezwa na mtengenezaji wa kadi yenyewe. ASIO4ALL, draiva ya jumla kwa kadi yoyote, husaidia pale ambapo draiva hiyo haipo, ingawa haiwezi kuibadilisha kadi dhaifu ikawa nzuri. Funga kivinjari na programu za mikutano pia, kwa sababu zikiishika kadi kwanza, programu ya muziki inaweza kushindwa kuifungua.

Linux huweza kushuka chini sana kwa JACK au PipeWire, programu zinazosimamia sauti kwenye mfumo huo, mradi programu ya sauti ipewe kipaumbele juu ya kazi nyingine. Katika usambazaji mwingi utaweka mistari miwili, @audio - rtprio 95 na @audio - memlock unlimited, ndani ya faili lililo katika /etc/security/limits.d, ujiongeze kwenye kundi la audio, kisha utoke na kuingia upya. Bila kutoka na kuingia, hakuna kinachobadilika, na wengi hukwama hapo.

Kuna jambo moja ambalo lazima lilingane kwa wote: idadi ya sampuli kwa sekunde. Mmoja akituma 44,100 na mpokeaji akachezesha 48,000, kila sekunde hupungua sampuli 3,900, na sauti inakatikakatika. Kati ya programu za kupiga muziki pamoja mtandaoni, Jamulus hutumia 48,000 kwa kila mtu, na JackTrip inakutaka uhakikishe mwenyewe. Weka 48,000 kwenye mfumo endeshi, kwenye draiva na kwenye programu, maana sehemu hizo tatu zinaweza kutofautiana kimyakimya.

Hata namba zikilingana, saa za kadi mbili hazilingani kamwe. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni ni sampuli 2.4 kila sekunde, na bafa ya 128 itajaa au kukauka baada ya sekunde 53 hivi. Ndiyo maana mkwaruzo unaorudi kila baada ya muda uleule, mtandao ukiwa shwari, ni dalili ya saa. Programu iliyoundwa vizuri hurekebisha kwa kunyoosha au kubana sauti kidogo kidogo.

Mkwaruzo usio na mpangilio mara nyingi hutoka Wi-Fi. Pakiti za sauti, yaani vipande vidogo vya data, hutumwa kwa UDP, njia ya mtandao isiyohakikisha kufika, bila kurudiwa, kwani pakiti iliyorudiwa ingefika wimbo umeshapita. Bafa ya 128 ikitumwa kila inapojaa, ni pakiti 375 kwa sekunde, na chache tu zikikwama hewani utazisikia. Mpokeaji hulazimika kuweka akiba kubwa zaidi ya kuzisubiri, na akiba hiyo nayo ni latensi. Kebo ya Ethernet huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Hedifoni za Bluetooth ziachwe kabisa: nyingi huongeza zaidi ya milisekunde 100 peke yake.

Namba inayooneshwa na programu isiaminiwe moja kwa moja, kwa kuwa mara nyingi haihesabu akiba za USB wala vigeuzi vya sauti na namba vya ndani ya kadi. Pima hivi: shusha sauti, unganisha tundu la kutolea na la kuingizia kwa kebo fupi, cheza mlio mfupi huku ukirekodi, kisha hesabu sampuli kati ya mlio uliotumwa na uliorudi. Sampuli 480 kwa kasi ya 48,000 ni milisekunde 10 kamili. Fanya hivyo kwenye kila kompyuta ya kundi, na utajua ni ipi ya kushughulikia kwanza.