Marufuku ya ununuzi wa teknolojia hatarishi: maana yake na inavyofanya kazi

Serikali ikitangaza zabuni ya kamera, ruta au programu, kwa kawaida huangalia bei, ubora na uwezo wa mzabuni. Marufuku ya ununuzi kwa sababu za usalama huongeza swali jingine: kifaa hiki kimetengenezwa na nani, na ni serikali gani inayoweza kumwamuru mtengenezaji huyo? Jibu lisiporidhisha, zabuni huanguka hata kama bei yake ndiyo ya chini kuliko zote.

Marufuku ya aina hii hufunga mkono wa serikali peke yake. Raia wa kawaida anaweza kuendelea kununua kifaa hichohicho dukani. Kuzuia kifaa kisiingie sokoni kabisa ni hatua tofauti, yenye sheria zake.

Pia si hukumu ya kosa. Mtengenezaji hahitaji kukutwa akipeleleza. Hoja huwa ni uwezekano: sheria ya ujasusi ya China ya mwaka 2017, kwa mfano, inazitaka taasisi za nchi hiyo kusaidia kazi za ujasusi zinapotakiwa. Nacho kifaa cha mtandao hupokea masasisho ya programu kutoka kwa mtengenezaji, kwa hiyo kilichokaguliwa leo kikaonekana safi kinaweza kubadilika wiki ijayo bila mtu kukigusa. Kampuni zinazotajwa hukanusha tuhuma hizi, lakini sheria haisubiri ubishi huo uishe.

Mfano unaojulikana zaidi ni kifungu cha 889 cha sheria ya bajeti ya ulinzi ya Marekani, iliyosainiwa tarehe 13 Agosti 2018. Kinazitaja kampuni tano za China pamoja na kampuni tanzu na washirika wao: Huawei na ZTE kwa vifaa vya mawasiliano, kisha Hytera, Hikvision na Dahua kwa vifaa vya mawasiliano na kamera zinazotumika kwenye ulinzi wa umma, majengo ya serikali na miundombinu muhimu.

Kifungu hicho kina makali mawili, na wengi hulikumbuka moja tu. La kwanza, lililoanza tarehe 13 Agosti 2019, linazuia serikali kununua kitu chochote ambacho vifaa hivyo ni sehemu yake kubwa au ya lazima. La pili lilianza mwaka mmoja baadaye, na ndilo lililowatoa jasho wakandarasi: serikali haiwezi kuingia mkataba na kampuni *inayotumia* vifaa hivyo, hata kama havihusiani kabisa na kazi ya serikali. Kampuni inayoiuzia wizara viti vya ofisi inaweza kukosa mkataba kwa sababu ya kamera iliyofungwa kwenye ghala lake, hata ghala hilo likiwa nje ya Marekani. Sharti la kwanza hushuka hadi kwa wakandarasi wadogo. La pili humbana yule tu aliyesaini na serikali.

Wapokeaji wa ruzuku wana kanuni nyepesi kidogo: hawaruhusiwi kutumia fedha za ruzuku kununua vifaa hivyo, lakini kuwa navyo kwa fedha nyingine si kosa.

Yapo mambo yaliyoachwa nje. Huduma inayounganisha mtandao mmoja na mwingine, kama simu ya msafiri kushika mtandao wa nchi ya kigeni, haikatazwi. Kadhalika kifaa kisichoweza kuelekeza data za watumiaji wala kuona yaliyomo ndani yake.

Kazi ngumu ni kujua ulicho nacho. Kamera nyingi hutengenezwa na kampuni moja kisha hubandikwa nembo ya nyingine, kwa hiyo jina lililo kwenye boksi halithibitishi kitu. Anza na orodha ya kila kifaa: nembo, modeli, namba ya serial. Kisha soma anwani ya MAC, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. Tarakimu sita za mwanzo hutolewa kwa kampuni maalumu na huweza kutafutwa kwenye rejista ya IEEE, shirika la wahandisi linalozigawa. Fungua pia ukurasa wa mipangilio ya kamera na ulinganishe toleo la programu yake na la mtengenezaji unayemshuku. Bado una shaka? Fungua kava usome chipu. Maandishi yanayoanza na Hi35, kama Hi3516, ni ya HiSilicon, kampuni tanzu ya Huawei. Kamera yenye nembo safi kabisa inaweza kukwama hapo.

Sheria haidai ukaguzi wa mtu wa nje. Inadai uchunguzi wa busara, yaani kutafuta taarifa zilizomo mikononi mwa kampuni yenyewe. Ila kutia saini fomu ya kutamka kwamba huna vifaa hivyo bila kufungua hata stoo ni hatari, kwani tamko la uongo kwa serikali ya Marekani linaweza kuleta fidia mara tatu ya hasara. Kifaa kikigunduliwa katikati ya mkataba, mkandarasi ana siku moja ya kazi kutoa taarifa yenye namba ya mkataba, msambazaji, modeli na hatua alizochukua. Ndani ya siku 10 za kazi hupeleka maelezo zaidi. Ununuzi mdogo ambao ofisi za serikali hulipia kwa kadi nao umo kwenye marufuku, na hapo ndipo vifaa hupenya mara nyingi, kwa sababu anayenunua si mtu wa zabuni.

Kwenye programu tabu ni kubwa zaidi. Septemba 2017 idara za serikali kuu ya Marekani zilipewa siku 30 kutafuta bidhaa za Kaspersky, kampuni ya Urusi ya programu za kuzuia virusi, 60 kupanga, na 90 kuanza kuziondoa. Agizo hilo halikugusa msimbo wa Kaspersky uliofichwa ndani ya programu za kampuni nyingine. Sheria iliyofuata, iliyoanza Oktoba 2018, iliugusa.

Kuanzia tarehe 23 Desemba 2027 zamu ya kupigwa marufuku Marekani ni ya chipu za SMIC, YMTC na CXMT, watengenezaji wa China. Hizo hazionekani kwenye orodha ya vifaa wala kwenye anwani ya MAC, kwa hiyo mkandarasi atalazimika kumuuliza msambazaji wake orodha ya vipuri, na msambazaji amuulize wa kwake.