Milima ya Moro usiipime kwa anga la Dodoma

Jamani tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024, kila wikiendi nasikia watu wa Area D na Kisasa hapa Dodoma wanapanga safari ya Moro, yaani Morogoro, wapande milima ya Uluguru, waone maporomoko, jioni warudi. Nafurahi kweli maana naipenda ile milima. Ila kuna mambo tunaaminishana huku ambayo yanawaponza watu bure, acha niyaseme.

"Novemba bado kiangazi, njia itakuwa kavu." Hii ndo kubwa kuliko zote. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hivi mpaka Aprili, kwahiyo Novemba unaangalia juu hamna wingu, vumbi linapiga, unasema twendeni. Kumbe Moro wana misimu miwili, vuli Oktoba mpaka Desemba alafu masika Machi mpaka Mei, na ile milima ndo inayodaka upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, upande wa mashariki inanyesha haswa, ndo maana Mto Ruvu ambao Dar wanaunywa unapata maji yake kule, sisi huku nyuma hewa inatufikia ishakauka. Mwaka mmoja tulienda Novemba watu saba na raba zetu za mjini soli zimelika, lile tope jekundu ukilikanyaga ni kama sabuni, dada mmoja akateleza akateguka kifundo cha mguu, tukamshusha kwa zamu karibu masaa matatu. Tangu siku hiyo tunampigia mtu wa Moro siku moja kabla, tunamuuliza juu kukoje, hatuangalii tena dirishani kwetu.

"Pale kwenye maporomoko jua linawaka, kuoga hamna shida." Hapana! Maji yale yametoka juu huko, na mvua inaweza kuwa inamwagika juu wewe chini umeanika nguo kwenye jiwe, mto ukajaa ghafla. Ukiona maji yanaanza kuwa ya udongo, yanashuka na majani na vijiti, au mlio unaongezeka, toka hapohapo na viatu usivirudie. Na habari ya kwamba maji ya mlimani ni masafi unakunywa tu, nayo si kweli, miteremko ya Uluguru ina vijiji, mashamba na mifugo, kila kinachomwagwa juu kinashuka. Beba ya kwako.

"Sisi wa Dodoma tushazoea, tunakaa juu na jua tunalijua." Kukaa juu ni kweli, mji wetu uko kama mita 1,100 na Moro mjini ni kama 500. Lakini kilele cha Bondwa huko Uluguru kinapita mita 2,100, yaani ukianzia mjini ni zaidi ya mita 1,600 kwa siku moja, wakati kilima chetu cha Lion Rock hapa Dodoma hata saa haiishi ushafika juu. Alafu jasho. Huku hewa kavu linakauka hata hulioni, kule kuna unyevu linakuganda mwilini, mwili haupoi, unachoka mapema kuliko ulivyotegemea. Ukishalowa hivo ndo unafika juu kwenye ukungu na upepo, digrii karibu kumi chini ya ulikotoka, na sweta uliiacha kwa sababu Moro joto. Jinzi ndo usivae kabisa, ikilowa imelowa.

Kibali pia, watu wanasema mlima hauna mwenyewe. Bondwa iko ndani ya hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, unalipia na unakwenda na mwongozaji.

La mwisho, "kushuka ni rahisi." Kushuka ndo magoti yanalia na miguu inatetemeka, na wengi wanaanguka hapo maana wamekata tiketi ya treni ya jioni ileile kwahiyo wanashuka mbio. Jua kwetu linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu na giza halikusubiri, msituni linaingia hata kabla. Sisi saa nane ikitukuta hatujafika juu tunageuza, tochi zipo kwenye begi, na tiketi ya kurudi siku hizi tunakata ya Jumapili mchana.