Kibali cha Kuegesha Gari London: Tunayoambizana na Yalivyo

"Shem, gari limeibiwa."

Simu hiyo niliipokea saa kumi na moja alfajiri. Shemeji yangu alikuwa ametua Heathrow usiku ule akitokea Dar es Salaam, wiki tatu za harusi na kuzungukia ndugu, na masanduku yake yalikuwa bado mlangoni. Gari aliliacha mtaani kwake, ndani ya mistari myeupe, kibali cha mwaka mzima kimelipiwa. Aliporudi akakuta kiraka cha lami mbichi na koni mbili.

Nilipofika nikatazama nguzo kabla ya kitu kingine. Kibao cha njano kilikuwa bado kinaning'inia, kimefungwa kwa kamba za plastiki, tarehe zake zimekwisha pita: nafasi tatu zimesitishwa kwa siku nne, kupisha mafundi wa bomba. Kilitundikwa yeye yuko Dar. Gari halikuibiwa, lilikokotwa. Nikampeleka kwenye TRACE, huduma inayowaambia wakazi wa London magari yao yaliyokokotwa yako yadi gani.

"Lakini mimi nina kibali!"

Hilo "lakini nina kibali" nimelisikia msikitini, kanisani, kwenye vikao vya harusi na kwenye foleni ya kinyozi. Kila mmoja ana anachodhani alinunua. Basi tuyatazame moja moja, maana mengine yanagharimu pesa nyingi.

"Nimelipia nafasi iliyo mbele ya nyumba yangu."

Hapana. Umelipia ruhusa ya kutafuta nafasi katika eneo lako, pamoja na majirani wote wenye ruhusa kama yako. Ukikosa, umekosa, na hela hairudi. Hakuna halmashauri inayokuahidi nafasi, wala kwa kawaida vibali vyenyewe havitolewi kwa kuhesabu nafasi zilizopo.

Msimamo huu wa sheria ya Uingereza una umri mkubwa kuliko gari lenyewe. Mwaka 1812, katika kesi ya magari ya farasi yaliyokuwa yakisimama muda mrefu pale Charing Cross yakisubiri abiria, Jaji Ellenborough alisema mtu hana haki ya kuifanya barabara ya Mfalme kuwa zizi lake. Barabara ni ya kupita. Kusimama ni hisani, na kwenye mitaa yenye udhibiti hisani hiyo ina masharti.

Kwa hiyo ile tabia ya kutoa pipa la taka au kiti kibovu na kukiweka barabarani ili mtu asichukue "nafasi yako" haina mguu wa kusimamia. Mtaani kwetu yuko mzee mmoja mwenye ndoo mbili za rangi alizozijaza zege kwa kazi hiyo. Kila akizitoa, kuna mtu anashuka kwenye gari, anazisogeza kwa mguu, anaegesha. Naye mzee anachungulia dirishani, hana la kusema.

"Nina kibali cha London."

Hakipo kitu hicho. London ina manispaa 32 na juu yake City of London, lile jiji dogo la kale la katikati, na kila moja ina bei zake, saa zake na fomu zake. Hata ndani ya manispaa moja, mara nyingi mitaa imegawanywa katika kanda zenye herufi au namba, na kibali cha kanda moja hakifai kanda ya jirani. Unaweza kuvuka barabara tu, upande wa pili ukawa mgeni. Manispaa moja, Kensington na Chelsea, ina utaratibu wa tofauti: kibali cha mkazi kinafaa kwenye nafasi za wakazi manispaa nzima. Ndiyo maana ukimsikia mwenzako wa kule akisema anaegesha popote, usimwige.

Saa nazo hazifanani. Kuna kanda zinazolindwa kutwa. Nyingine, hasa zile za pembezoni zilizo karibu na stesheni za treni, zinalindwa saa moja tu ya mchana, basi. Saa hiyo moja inatosha kumzuia mtu wa mbali asiache gari lake hapo asubuhi akapanda treni kwenda kazini. Na kule Wembley, siku ya mechi au tamasha, masharti ya ziada yanaendelea mpaka saa sita usiku hata kwenye mitaa ambayo siku nyingine hailindwi. Tarehe zinawekwa kwenye vibao. Watu hawazisomi.

Hapa kwenye vibao niseme na sisi Waswahili peke yetu. Kibao kinaandika 8.30 hadi 6.30, maana yake saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Nimemshuhudia mgeni wangu, amechoka safari, akitafsiri kichwani kinyumenyume na kunihakikishia kuwa "hawa wanaanza saa nane mchana". Akapigwa faini saa tatu asubuhi.

"Jumapili na sikukuu ni bure."

Pengine ni bure, pengine siyo. Kama kibao hakitaji saa wala siku, nafasi hiyo inalindwa muda wote, Krismasi ikiwemo. Na sikukuu za kitaifa kila halmashauri ina uamuzi wake.

"Gari ni la kaka, lakini naendesha mimi, watanielewa."

Hawatakuelewa. Halmashauri inauliza mambo mawili: unaishi hapo kweli? Na gari hili linatunzwa hapo? La kwanza unalithibitisha kwa mkataba wa upangaji au bili ya kodi ya halmashauri. Baadhi yao hawakuombi hata karatasi, wanatazama wenyewe kwenye daftari la walipa kodi. La pili linathibitishwa na kadi ya gari, ile V5C inayotolewa na DVLA, wakala wa serikali wa kusajili magari, ikiwa na jina lako na anwani hiyo hiyo.

Wengi hawajui kuwa V5C siyo hati ya umiliki. Imeandikwa hivyo juu yake yenyewe. Inamtaja mtunzaji wa gari, yaani anayewajibika nalo. Kwa hiyo gari linaweza kuwa la kampuni au la mkopo, na ukapata kibali, ilimradi una barua ya mwajiri au mkataba unaoonyesha kuwa umekabidhiwa wewe. Lakini gari la kaka aliyeko Birmingham, kadi inayosoma Birmingham, bima inayosoma Birmingham, halitapata kibali Lewisham hata ukilia.

Ukihama nyumba, badilisha anwani kwenye V5C mara moja. Hailipiwi, na kuiacha ilivyo kunaweza kukuletea faini ya hadi pauni 1,000. Kibali cha mtaa ulioacha nacho hakihami nawe. Unakirudisha na kuomba kingine.

"Nikishakuwa mkazi, kibali ni haki yangu."

Hapa ndipo watu wanapoumia, na sijui kwa nini hatuambiani mapema.

Yako majengo mengi ya London, hasa ya karibuni, yaliyopewa ruhusa ya kujengwa kwa sharti kwamba wakaaji wake hawatapewa vibali vya kuegesha mtaani. Sharti hilo huandikwa kwenye makubaliano kati ya mjenzi na halmashauri, chini ya kifungu cha 106 cha sheria ya mipango miji ya mwaka 1990, nalo linaifuata nyumba. Nyumba ikiuzwa, sharti linabaki. Ikipangishwa kwako miaka 15 baadaye, sharti linakusubiri mlangoni. Camden tangu mwaka 2017 inataka ujenzi mpya manispaa nzima uwe wa namna hiyo, na mpango wa jiji wa mwaka 2021 unaanzia hapo hapo kwa sehemu zote zenye usafiri mzuri wa umma.

Unajua inavyokuwa. Dalali anakuonyesha fleti ya ghorofa ya tatu, madirisha makubwa, jiko jipya linang'aa. Chini, barabara nzima imejaa magari yenye vibali. Unauliza, "Kuegesha je?" Anakujibu, "Mtaani kuna nafasi, unaomba tu halmashauri." Hajasema uongo, kuomba unaweza. Unasaini, unahamia, unajaza fomu kwenye mtandao, na ukishaingiza postikodi na namba ya fleti mfumo unakuambia anwani hii haistahili. Jirani wa nyumba ya matofali ya kale ubavuni mwako ana vibali viwili. Wewe huna hata kimoja, na rufaa ya kulia hali ngumu hapa haisaidii kitu. Kwa kawaida wanaosamehewa ni wenye beji ya ulemavu, na baadhi ya manispaa zina msamaha kwa familia fulani zinazohamishwa kwenye nyumba za jamii.

Dawa ni kuuliza kabla ya kusaini, tena umuulize mwenye neno la mwisho, yaani idara ya maegesho ya halmashauri. Wape anwani kamili pamoja na namba ya fleti. Wapigie simu, waandikie, ukipata jibu lihifadhi.

Walioko kwenye majengo ya halmashauri, zile "esteti", wana mtego wao pia. Njia za ndani ya esteti si barabara ya mtaa. Zina kibali chake tofauti, na kibali cha mtaani hakikusaidii humo ndani.

Madogo madogo

"Nimelipa kibali, kwa hiyo ULEZ hainihusu." Inakuhusu. Tozo ya hewa chafu ni pauni 12.50 kwa siku kwa gari lisilotimiza kiwango, na tangu Agosti 29, 2023 inafika manispaa zote. Likiwa limesimama tu hulipi. Ukiliwasha na kulisogeza mtaa wa pili, unalipa. Kibali nacho katika manispaa nyingi hupangwa bei kwa moshi, kwa hiyo la dizeli la zamani hulipa zaidi, na gari la pili nyumba moja mara nyingi lina bei ya juu.

"Kila mtu ana dakika 10 za msamaha." Hizo dakika ni za mtu aliyekuwa ameegesha kihalali, muda aliolipia ukamalizikia. Aliyeingia nafasi ya wakazi bila kibali hana dakika hata moja, na aliyeko juu ya mistari ya njano vile vile.

"Beji ya buluu, ile ya ulemavu, inaruhusu popote." Katikati ya London ina mipaka. City, Westminster, Kensington na Chelsea, pamoja na sehemu ya Camden hawaifuati kama kwingine. Wana beji zao za ziada: nyekundu, nyeupe, zambarau na kijani, kwa mpangilio huo.

"Nitapandisha magurudumu mawili kwenye njia ya miguu, nisizibe barabara." London imekataza hilo tangu sheria ya mwaka 1974, isipokuwa pale palipowekwa alama ya kuruhusu. Tukitoka nyumbani, ambako ukingo wa njia ni maegesho ya kila mtu, hili linatushika wengi.

"Halmashauri inajipandishia bei kujaza mfuko."

Nusu ya lalamiko hili naliunga mkono, maana bei zinapanda kweli. Lakini sheria haiwaachii wapange kwa kusudi la kukusanya mapato tu. Mwaka 2011 manispaa ya Barnet ilipandisha kibali cha gari la kwanza kutoka pauni 40 hadi 100, na vocha ya mgeni kutoka pauni 1 hadi 4. Mkazi mmoja, David Attfield, akawapeleka Mahakama Kuu kwa niaba ya wenzake. Julai 2013 mahakama ikaamua kwamba upandishaji ule haukuwa halali, kwa sababu lengo lake lilikuwa kupata ziada ya kugharamia mambo mengine ya barabara na usafiri. Ziada ikitokea yenyewe, sheria inasema itumike wapi, lakini kuiwinda hairuhusiwi. Sasa ukipewa sababu ya bei kupanda utasikia moshi, msongamano na afya. Nadhani mnaelewa somo lilimfikia nani.

"Karatasi ya faini ukiitupa, inakufa."

Inakua. Ile bahasha ya njano kwenye kioo, PCN, ukiilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu. Ukiona umeonewa, andika ndani ya siku hizo hizo 14, na ukikataliwa kwa kawaida wanakurudishia ile nafasi ya nusu bei. Baadaye kuna pingamizi rasmi, na juu yake kuna mahakama ndogo ya London Tribunals ambayo ni huru na haitozi ada. Nenda na picha: ya nguzo, ya kibao, ya mistari iliyofutika. Maneno matupu hayafiki mbali.

Ila hakikisha kwanza imeandikwa na nani. Maegesho ya duka kubwa au ya jengo binafsi yana karatasi zinazofanana sana, hata herufi PCN ni hizo hizo, lakini ni madai ya kampuni na njia yake ya kupinga ni nyingine kabisa.

Shemeji aliandika. Aliandika vizuri tu, akaambatanisha na tiketi ya ndege. Halmashauri ikamrudishia picha tatu zenye tarehe, kibao cha njano kikionekana waziwazi kwenye nguzo siku kadhaa kabla ya kazi kuanza, na mstari mmoja wa masharti aliyokubali wakati wa kuomba kibali: mwenye gari anatakiwa kulikagua mara kwa mara, au kumwachia mtu wa kulikagua. Akalipa. Kulitoa yadi peke yake, kwa viwango vya London vya tangu Aprili 2025, ni pauni 280, na kila siku ya kulilaza ni pauni 55, mbali na faini yenyewe.

Sasa ni mwezi wa pili yuko Tanga kwa mama yake. Ufunguo wa gari ninao mimi, kwenye mkebe wa chai juu ya friji, na kila baada ya siku moja, nikitoka kazini, napitia mtaani kwake kusoma nguzo.