Kwa nini kopo zima la rangi huuzwa kwa bei ya kutupa?

Kwenye maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi ya Marekani, kama Home Depot na Lowe's, karibu na kaunta ya rangi huwa kuna makopo yenye doa la rangi juu ya mfuniko. Ni rangi zilizochanganywa kisha zikakataliwa, na wanunuzi huziita "oops", yaani "lo, nimekosea" kwa Kiingereza. Mara nyingi bei yake haifiki nusu ya bei ya kawaida, ingawa rangi yenyewe haina kasoro.

Kiwandani, kopo hutoka likiwa na besi tu, yaani rangi isiyokolezwa. Dukani, mashine huidondoshea vikolezo kwa vipimo vidogo mno, kisha kopo hutikiswa dakika chache. Kikolezo kikishaingia hakitoki. Mhudumu akibonyeza namba ya rangi isiyo sahihi, au mteja akabadili mawazo, besi haipatikani tena. Inawezekana kuikoleza zaidi, lakini vikolezo vikizidi rangi hukawia kukauka na hubaki ikinata. Kwa hiyo duka hushusha bei ili kopo liondoke.

Doa la mfunikoni linakuonyesha ni rangi gani tu. Kama umepata au umepatikana, utajua kwenye lebo, inayosema kama ni ya ndani au ya nje na mng'ao wake. Rangi ya ndani ikipigwa nje hupauka na kubanduka kwa jua na mvua. Isiyong'aa huficha mabonde ya ukuta lakini haivumilii kufutwafutwa. Ya jikoni na bafuni iwe na mng'ao kiasi.

Kinachowaponza wengi ni besi. Besi ya rangi kolevu ina titani dioksidi (unga mweupe) kidogo sana au haina kabisa, na hiyo ndiyo inayofunika kilicho chini. Nyekundu au njano kali juu ya ukuta uliokuwa na rangi nyingine inaweza kudai mikono mitatu hata minne, yaani kupakwa mara tatu au nne, na hapo nafuu yote imeliwa. Rangi hizo ni bora uziache, isipokuwa kwa mlango au kabati dogo.

Galoni moja, karibu lita 3.8, hufunika takriban mita za mraba 35 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.4 kina kuta za mita za mraba kama 34, kwa hiyo mikono miwili inataka galoni mbili. Makopo haya kwa kawaida huwa moja moja, nawe ukiishiwa katikati ya ukuta hulipati la pili. Ndiyo maana wazoefu huchukua makopo kadhaa yanayokaribiana kwa rangi, yote ya maji, ya kampuni moja na mng'ao mmoja, wakayamimina kwenye ndoo moja na kukoroga hadi yafanane. Rangi ya mafuta isiingie humo kamwe: haichanganyiki na ya maji. Paka kidogo kwenye kadibodi, ngoja ikauke, ndipo uamue, maana mbichi na kavu hazifanani.

Kabla ya kulipa, omba kopo lifunguliwe. Mabonge kama maziwa yaliyoganda, yasiyovunjika ukikoroga, yanaonyesha kwamba rangi iliganda kwa baridi. Harufu ya uvundo ni bakteria. Ikiwa safi, omba itikiswe upya, kwa sababu iliyokaa rafuni hutuama chini ya kopo.