Maana ya Kupima Hatari na Faida Unaporusha Droni ya Kamera

Kupima hatari na faida ni kulinganisha, kabla droni haijaondoka ardhini, kile kinachoweza kupotea na thamani ya picha inayotafutwa. Katika mazungumzo ya kawaida neno hatari hutaja chochote cha kuogopwa, lakini hapa lina pande mbili: uwezekano wa ajali kutokea, na ukubwa wa madhara ikitokea.

Droni inayopita karibu na uso wa ziwa inaweza kutumbukia na isionekane tena, ila hakuna anayeumia. Juu ya umati uwezekano wa ajali huenda ukawa mdogo zaidi, lakini chombo cha gramu 900 kikizimika mita 50 juu ya vichwa vya watu hakitoi nafasi ya kukwepa. Katika hali ya kwanza mwenye droni ndiye anayepata hasara; katika ya pili picha ni yake, na jeraha ni la mtu ambaye hakuulizwa. Kwa kiasi fulani ndiyo maana kanuni za Marekani na za Umoja wa Ulaya huzilegezea masharti droni zisizofika gramu 250.

Uwezekano ndio unaokosewa zaidi kukadiriwa, na upepo ndio mdanganyifu mkuu. Droni yenye mwendo wa juu kabisa wa mita 15 kwa sekunde, ikisukumwa na upepo wa mita 10 kwa sekunde, hufika umbali wa kilomita 1 kwa sekunde 40. Kurudi, ikiwa inaukabili upepo uleule, huhitaji sekunde 200, huku betri ikiwa imekwisha kupungua. Rubani anayeanza safari kwa kuukabili upepo hukumbana na ugumu huo mapema, betri ikiwa bado imejaa.

Faida nayo haibaki palepale, jambo ambalo husahaulika kwa urahisi. Picha ya kwanza ya mandhari fulani inaweza kustahili kuthubutu kidogo. Ikishapatikana, kuirudia mara ya tatu kwa sababu tu wingu limesogea huongeza thamani ndogo mno, ilhali betri imeshuka, jicho limechoka, na watu ambao hawakuwapo mwanzoni wameanza kukusanyika chini kutazama.