Rangi pinzani hazileti matope, ni mkono wako

Wiki hii tena mwanafunzi kaniletea limau alilochora kwa maka za alkoholi, zile kalamu nene za kupakia rangi, upande wa kivuli kajaza nyeusi, namuuliza mbona hukuanza na zambarau chini ya njano, ananijibu "si zitachafuka mwalimu, rangi pinzani zikikutana zinaleta matope." Rangi pinzani ni zile zinazotazamana kwenye duara la rangi, kama njano na zambarau, au nyekundu na kijani. Hii kauli nimeisikia mpaka nimechoka.

Jamani, wino wa maka za alkoholi unapitisha mwanga. Rangi ya chini inaonekana kupitia ya juu, na rangi pinzani zinapunguzana ukali, ndo kitu kivuli kinachotaka, maana sehemu yenye kivuli haizidi giza tu, rangi yake pia inafifia. Sasa matope yanatoka wapi? Umechukua zambarau iliyokolea badala ya iliyopauka, au umepitisha njano wakati zambarau bado mbichi, au umesugua palepale mara sita mpaka karatasi imelowa haiwezi kunywa tena.

Fanya hivi. Zambarau iliyopauka kabisa, tabaka moja, kwenye kivuli tu, halafu weka maka chini. Gusa karatasi kwa mgongo wa kidole, ukisikia ubaridi ujue alkoholi bado inaruka, subiri. Ikikauka itapauka kidogo, usiogope na usiongeze. Ndo upake njano limau zima, mkono mwepesi, anzia kwenye mwanga uingie kivulini na usirudi, kwa sababu wino mpya unayeyusha wa zamani hata kama umekauka, ncha ya njano itabeba zambarau na utaenda kuipaka kule kulikokuwa kusafi. Ncha ikichafuka ichoree kwenye karatasi chakavu mpaka njano itoke safi. Utaona kivuli kimekuja kama kahawia iliyotulia na limau limeanza kuwa na mviringo. Halijatosha? Ongeza njano ya udongo, sio zambarau nyingine! Nyekundu juu ya kijani kilichopauka ni hivyohivyo, ila hapo giza linakuja haraka zaidi kwa hiyo kijani kiwe kidogo sana.

Eti kivuli ni nyeusi. Nyeusi ikishaingia huwezi kuipunguza, njano utakayoweka juu haitaonekana. Iache kwa mistari myembamba ya mwisho.

Eti maka isiyo na rangi inafuta makosa. Haifuti, inausukuma wino pembeni na nyuma ya karatasi, inafaa kulainisha kingo basi.

Eti karatasi nene ya rangi za maji ndo bora. Ile mara nyingi uso wake unakwaruza, inakunywa wino ovyo na kuchakaza ncha, tumia karatasi laini, na kabla hujagusa mchoro jaribu rangi zako mbili kwenye kipande cha karatasi hiyohiyo, maana rangi ya kifuniko na ile inayotoka mara nyingi hazifanani.